Komunike isiyoingia katika kioo cha simu haijatangazwa

BASE YA KAMINA – Mtangazaji akisoma komunike redioni huku amefunika mdomo kwa kitambaa, wasikilizaji watalalamika kabla hajafika nusu. Mkubwa wake atamwita, na kesho yake maikrofoni atapewa mwingine. Lakini kwenye intaneti, watu wa mashirika ya kiutu, wa maofisi ya serikali, wa mashule na wa vyama vya vijana wanatoa makomunike kila wiki wakiwa wamefunika mdomo, na hakuna anayewaita.

Kitambaa chao ni picha. Barua inaandikwa kwenye kompyuta, inatolewa kwenye karatasi, inatiwa sahihi na muhuri, inawekwa juu ya meza, inapigwa picha kwa simu, na hiyo picha ndiyo inayopandishwa kwenye ukurasa. Maneno yaliyokuwa maneno yamegeuzwa kuwa madoa ya rangi. Simu haiwezi tena kuyatafuta, haiwezi kuyakuza yakabaki safi, haiwezi kumsomea kipofu. Na ukurasa wenyewe, uliopimwa kwa kioo cha kompyuta ya ofisini, unafika kwenye simu ndogo ukiwa umekatwa upande wa kulia, mara nyingi pale pale tarehe na mahali vilipoandikwa.

Basi lisemwe wazi: komunike isiyoingia katika kioo cha simu ya mtu wa kawaida haijatangazwa. Imebandikwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Na aliyeibandika hawezi kujitetea kwamba mtandao wa Kamina ni dhaifu, kwa sababu dawa ya ugonjwa huu inajulikana tangu zamani, haiuzwi, na fundi mwenye nia anaimaliza katika nusu siku.

Mega ishirini kwa jina moja

Chukua siku ya kawaida. Mama mmoja mhami anakaa kwa shemeji yake karibu na Base. Amesikia kwamba majina ya watakaopewa msaada yametoka. Simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo anakwenda kwa kijana wa kibanda cha kuchaji.

"Mwanangu, niangalizie kama jina la baba yenu liko."

"Mama, hii ni picha ya karatasi tano. Itakula mega zote."

"Fungua tu ya kwanza."

"Na kama jina liko kwenye ya tano?"

Swali la huyo kijana ndilo kesi yote. Wenye maofisi wangelijibu kwa hesabu, wangeona aibu.

Simu nyingi za siku hizi hupiga picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000. Picha ya namna hiyo huwa na uzito wa mega tatu mpaka tano. Tuseme nne. Karatasi tano ni mega 20. Kwenye mtandao wa 2G unaokwenda kwa kilobiti 100 kwa sekunde, picha moja ya mega nne inachukua zaidi ya dakika tano kushuka, na zote tano karibu nusu saa, ikiwa mtandao haukukatika katikati na kuanza upya.

Sasa andika majina yale yale kama maandishi. Majina 300, kila mstari herufi 30, ni herufi 9,000, yaani kilobaiti tisa. Yanashuka kabla mama hajamaliza kuketi. Zile picha tano zina uzito zaidi ya mara 2,000 ya maandishi hayo, na habari iliyomo ni ile ile, hata kwa jina moja haikuongezeka. Tofauti hiyo hailipwi na ofisi iliyopiga picha. Inalipwa na mwenye kibanda, na kijana akikataa, inalipwa na mama kwa pikipiki. Base na mji wa Kamina vimeachana kwa zaidi ya kilomita 20. Kwenda mjini kusoma karatasi ukutani na kurudi ni pesa ya unga wa siku kadhaa.

Liongezwe jambo moja hapa ili mtu asielewe vibaya. Orodha ya majina ya wahami haifai kila mara kuwekwa mbele ya dunia nzima. Wapo waliokimbia watu, si mvua, na jina lao likionekana linaweza kuwaletea hatari. Lakini hilo nalo halitetei picha: jina lililopigwa picha limeanikwa sawasawa na lililoandikwa. Anayetaka kulinda watu aandike namba za kadi zao peke yake. Namba 300 ni nyepesi kuliko hata majina 300, na mwenye kadi ataitambua yake.

Makosa matano, dawa tano

Umbo la ukurasa wa intaneti linaamriwa na lugha inayoitwa CSS. Ndiyo inayosema maandishi yawe makubwa kiasi gani, picha ikae wapi, safu ziwe ngapi. Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994, na shirika la W3C linalosimamia kanuni za wavuti likaitangaza rasmi Desemba 1996. Mwaka 2010 fundi wa Marekani, Ethan Marcotte, alieleza hadharani namna ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojikunja kufuata kioo cha kila msomaji. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa yuko sekondari. Hakuna anayeweza kusema kwamba habari bado haijafika.

Makosa yanayoonekana kila siku kwenye simu za watu wa hapa ni matano.

La kwanza: maandishi madogo kama mayai ya chawa. Simu ikifungua ukurasa ambao haukuambiwa chochote, inadhani ni ukurasa wa kompyuta. Inajifanya ina upana wa pikseli 980 au karibu na hapo, kisha inaubana ukurasa mzima uingie katika kioo kidogo. Ndiyo maana msomaji anaukuza kwa vidole viwili, halafu anausukuma kushoto na kulia kama mtu anayetafuta sindano. Dawa ni mstari mmoja unaowekwa kichwani mwa ukurasa, unaoiambia simu itumie upana wake wa kweli. Fundi yeyote anaujua: ni ule wenye maneno `width=device-width`. Mstari mmoja tu.

La pili: picha inayozidi kioo. Nembo ya shirika au picha ya kiongozi akikata utepe imewekwa kwa upana wa pikseli 1,200, na simu ina 360. Picha inausukuma ukurasa wote utoke nje, na maandishi yanaifuata. Dawa ni kuiamuru picha isizidi kamwe upana wa mahali ilipo, na kimo chake kijifuate chenyewe: `max-width: 100%` pamoja na `height: auto`. Lakini fundi asiishie hapo. Amri hiyo inapunguza sura ya picha, haipunguzi uzito wake. Picha ya mega nne iliyobanwa ikaonekana ndogo bado inakula mega nne. Lazima ipunguzwe yenyewe kabla ya kupandishwa, iwe na pikseli 720 hivi kwa upana na ihifadhiwe kwa ubora wa wastani. Hapo mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 150, na kwenye simu ndogo hakuna jicho litakaloona tofauti.

La tatu: sura zilizovutwa. Hili ndilo baya kuliko yote. Anayetengeneza ukurasa anaamuru picha zote ziwe na upana fulani na kimo fulani, ili zipangike vizuri kama vigae. Picha iliyokuwa ndefu inavutwa pembeni, uso wa mtu unakuwa mpana kama sahani. Au inakatwa juu na chini ili ijae kwenye kisanduku, na kinachokatwa ni paji la uso na kidevu. Kwa picha ya mkutano, ni kichekesho. Kwa picha ya mtoto aliyepotezana na wazazi njiani, si kichekesho hata kidogo. Baada ya vita vya 1994 nchini Rwanda, picha za watoto zilizungushwa makambini, pamoja na upande huu wa mpaka, ili wazazi na majirani wawatambue. Watoto wadogo hawakujua majina ya ukoo wala ya vijiji, na kitambulisho chao kilikuwa uso. Kuuvuta uso huo ni kukifuta hicho kitambulisho. CSS ina amri inayoitwa `object-fit`. Ikipewa thamani ya `contain`, picha inaingia nzima bila kuvutwa wala kukatwa, hata kama kando itabaki nafasi nyeupe. Nafasi nyeupe haijamuumiza mtu. Na picha za watoto zitolewe tu na wale wenye kazi hiyo, kwa kanuni zao za ulinzi. Fundi wa ukurasa hana ruhusa ya kuamua peke yake.

La nne: ukurasa unaoruka. Msomaji ameanza kusoma, picha ya juu inafika kwa kuchelewa, maandishi yote yanarukia chini. Kidole kilichokuwa kinaelekea "Andikisha" kinaangukia "Futa". Kwenye mtandao wa haraka jambo hili ni la nusu sekunde. Kwenye mtandao wa Base linaweza kutokea mara nne katika ukurasa mmoja. Dawa ni kuandika upana na kimo cha kila picha mapema, ili kivinjari kiiwekee nafasi yake kabla haijafika. Ni kama kumwekea mgeni kiti: akichelewa, waliokaa hawahamishwi.

La tano: jedwali la safu tisa. Namba, jina, jina la baba, jinsia, umri, kijiji cha asili, mtaa, tarehe, mahali. Kwenye kompyuta linapendeza. Kwenye simu, safu mbili za mwisho, ambazo ndizo mtu anazozitafuta, zimezama nje ya kioo. Mwongozo wa W3C uliotolewa mwaka 2018 unataka maandishi yasomeke bila kusukumwa kushoto na kulia hata kwenye upana wa pikseli 320. Majedwali yameachiwa nafasi katika kanuni hiyo, na kuna mafundi wanaojificha ndani ya nafasi hiyo kama panya. Lakini tangazo la kugawa unga halihitaji jedwali. Linahitaji mistari minne: nani, nini, lini, wapi. Kila mstari juu ya mwenzake. Redio imekuwa ikifanya hivyo siku zote, wala haina safu.

Kwa wote watano, kazi yote haijazi ukurasa mmoja wa daftari la shule. Aliyelipwa kutengeneza tovuti ya shirika na hakuiandika mistari hiyo hakumaliza kazi, na aliyempokea kazi hakuifungua kwenye simu kabla ya kutia sahihi.

Reli ilipanuliwa, abiria hawakukatwa miguu

Watu wa Kamina wanaelewa neno "kipimo" kuliko wengi, kwa sababu mji wao ni wa reli. Njia inayotoka Lubumbashi inapita hapa ikielekea Kasai mpaka Ilebo, na nyingine inachepuka hapa hapa kwenda Kabalo, na kutoka huko Kalemie na Kindu. Zamani njia hizo mbili hazikuwa ndugu. Reli ya upande wa Katanga ilikuwa na upana wa milimita 1,067. Reli ya upande wa Maziwa Makuu ilikuwa na milimita 1,000. Tofauti ilikuwa milimita 67, upana wa simu moja ndogo, na hiyo ilitosha kuzuia behewa la Kalemie lisifike Lubumbashi.

Katikati ya miaka ya 1950, njia ya Kabalo ilipounganishwa na Kamina, wahandisi hawakuwaambia abiria wanunue treni nyingine. Hawakusema kwamba watu wa Kabalo wamezoea shida. Walipanua reli ya Maziwa Makuu ilingane na ile ya Katanga. Kazi ya kilomita mamia, kwa nyundo na mikono ya watu.

Fundi wa ukurasa wa intaneti anaombwa milimita hizo hizo 67, na yeye hainui nyundo. Anaandika mistari michache akiwa ameketi. Asipoiandika, anamwambia mama wa Base anunue simu nyingine. Hilo ndilo tusi lililofichwa ndani ya kila ukurasa uliokatwa upande wa kulia.

Na kituo hiki kimeshaona wenye kuhama wengi. Mwaka 1992 na 1993 treni za watu wa Kasai waliofukuzwa Katanga zilipita hapa. Mwaka 2016 na 2017 vita vya Kamuina Nsapu viliwasukuma watu kwa mamia ya maelfu kutoka majumbani mwao huko Kasai, jirani kabisa. Bukama na Malemba-Nkulu wanajua mafuriko ya mto na maziwa. Mwaka 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili, na kila familia ya askari iliyo Base inajua maana ya kungoja habari ya mtu aliye upande ule. Mtu aliyehama hana mali nyingi. Kinachomsaidia kuamua aende wapi na lini ni habari. Ikimfikia imekatwa, ataamua kwa kubahatisha.

Visingizio

Wenye maofisi wana majibu yao, na yote yamezoeleka.

Wanasema: wahami hawana intaneti, wanasikiliza redio. Kama ni hivyo, ukurasa ulitengenezwa kwa ajili ya nani? Kwa wafadhili wa Ulaya? Basi uandikwe hivyo juu yake, watu wasipoteze mega. Lakini si kweli kwamba hawana. Simu moja ya mtaani inawahudumia watu kumi au zaidi: mwenye kibanda, mwalimu, mchungaji, shefu wa mtaa. Na mtangazaji wa redio naye anaitoa komunike kwenye simu hiyo hiyo. Ikimfikia kama picha yenye ukungu, anasoma "tarehe 13" mahali pa "tarehe 18", na mtaa mzima unafika siku tano kabla, watoto mgongoni. Anayedharau ukurasa kwa jina la redio anaidhuru redio yenyewe.

Wanasema: bila muhuri watu hawataamini. Hili lina uzito, kwa kuwa matapeli wapo na matangazo ya uongo yanazunguka. Lakini picha ya muhuri haimzuii tapeli. Muhuri uliopigwa picha mara moja unaweza kunakiliwa na kubandikwa juu ya uongo mia moja, na programu ya bure ya simu inatosha. Kinachomlinda msomaji ni kujua ukurasa wa kweli ni upi, kuona tarehe, kuona jina la ofisi ya kuuliza, na kusikia jambo lile lile redioni. Anayeupenda muhuri auweke, lakini chini, katika picha ndogo, baada ya maandishi. Uje kama shahidi. Sasa hivi umekalia kiti cha habari yenyewe.

Wanasema: hakuna pesa ya fundi. Pesa ya kuchapa kalenda zenye picha ya mkurugenzi ilipatikana. Pesa ya fulana za siku ya uzinduzi ilipatikana. Nusu siku ya kijana anayejua CSS haifiki bei ya hizo fulana, na vijana wa aina hiyo wapo hapa hapa Haut-Lomami, wengine wamejifunza kwa simu tu, usiku, wakati mega ni rahisi.

Wanasema: mtandao utaimarika, mambo yatajirekebisha. Hayatajirekebisha. Mtandao ukiongezeka, picha nazo zinaongezeka. Kamera za simu zinakua kila mwaka, na yule anayepiga karatasi picha leo kwa mega nne atapiga kesho kwa mega nane. Uvivu haulipwi kwa nyaya.

Wanasema mwishowe: watu wote wako WhatsApp na Facebook, tovuti ya nini? Lakini ndiko picha ya karatasi inakofia kabisa. Mitandao hiyo huzibana picha ili ziwe nyepesi, na picha ya herufi ndogo ikibanwa mara moja, ikatumwa, ikabanwa tena, "3" na "8" zinakuwa mapacha. Maandishi hayaharibiki hata yakitumwa mara elfu. Anayetaka kutumia WhatsApp aitumie, ila aandike.

Nyuma ya visingizio vyote kuna jambo moja ambalo wahenga walishalisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliyeutengeneza ukurasa aliuona kwenye kioo kipana, kwenye mtandao usiohesabiwa, kivulini. Hajausoma akiwa amesimama juani saa sita mchana, kioo kimepasuka pembeni, chaji imebaki kidogo. Angefanya hivyo mara moja tu, angeondoa hata ile rangi ya kijivu juu ya nyeupe anayoiona kuwa ya kisasa. Juani kijivu hicho hakipo. Ukurasa ni mweupe mtupu.

Na waandishi wa hapa nao

Haki inadai kulaumu pande zote. Waandishi wa habari wa mji huu na wa Base hawako safi. Wangapi wanapokea komunike kama picha na kuirusha kama picha, na juu yake wanaandika tu "Komunike" na alama tatu za mshangao? Mwandishi aliyefanya hivyo hakuripoti. Amekuwa mbebaji wa karatasi. Kazi yake ilikuwa kuisoma, kuuliza kisichoeleweka, kuandika nani, nini, lini, wapi kwa lugha ya watu, kisha, akipenda, kuiweka picha chini kama ushahidi.

Na kila picha aiandikie maelezo. Ukurasa una mahali pa kuandika maneno yanayosimama badala ya picha isipofunguka, panaitwa `alt`. Wengi wanapaacha patupu au wanaandika "picha1". Mtandao ukikatika, msomaji anaona kisanduku kitupu kilichoandikwa "picha1". Kipofu anayetumia programu ya kusomewa kwa sauti anasikia "picha1". Ingekuwa "Ramani: kituo cha kugawa kiko nyuma ya kanisa, karibu na kisima", wote wawili wangefika.

Kinachodaiwa

Hakidaiwi kitu cha anasa. Kinadaiwa kipimo kimoja kabla ya komunike yoyote inayowahusu wahami kutoka. Ifunguliwe kwenye simu ya bei ndogo iliyopo ofisini, na kama haipo, iazimwe kwa mlinzi wa mlangoni. Iwe kwenye 2G. Iwe nje, juani. Aifungue mtu ambaye hakuiandika. Akishindwa kusema kwa sauti nani, nini, lini na wapi kabla ya kuhesabiwa mpaka 20, bila kukuza na bila kusukuma pembeni, komunike irudi mezani.

Wafadhili wanaouliza ripoti za kila robo mwaka waulize na hilo. Viongozi wa wahami, wanapoitwa kwenye mikutano na kuulizwa kama "wamepata habari", wasijibu kwa adabu tu. Watoe simu, wafungue ukurasa mbele ya wageni, wangoje pamoja nao hizo dakika tano, wote wakitazama kiduara kinachozunguka. Hakuna hotuba itakayosema zaidi ya kimya hicho.

Na redio za hapa zina nguvu ambayo hazijaitumia. Siku moja mtangazaji apokee komunike ya picha isiyosomeka, aende hewani na kusema ukweli: "Wasikilizaji, ofisi fulani imetutumia tangazo ambalo haliwezekani kusomwa. Tumewaomba waliandike upya." Kisha wimbo. Ofisi hiyo itaandika upya kabla wimbo haujaisha.

Mama aliyekwenda kwenye kibanda cha kuchaji hakuomba kufundishwa CSS. Aliomba kujua kama jina la mume wake liko. Mstari mmoja wa maandishi ulitosha kumjibu, ndiyo au hapana, akarudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Ofisi inayomnyima mstari huo, huku ikijisifu kwamba imetangaza, itatue kwanza tatizo lake yenyewe, ndipo iende kutatua ya wahami.